Kigoma na Vyombo Vilivyoumia Vikiwa Vimesimama

Anayeingia Ujiji leo akitafuta bandari iliyowapokea Richard Burton na John Speke Februari 1858 ataoneshwa nchi kavu. Mahali pa kumbukumbu ya Livingstone, aliyekutwa hapo na Stanley Novemba 1871, pamezungukwa na miembe na nyumba za watu. Maji yako mbali kiasi cha kumfanya mgeni aulize kama kweli vyombo viliwahi kufika hapo. Vilifika. Mwinyi Kheri na wafanyabiashara wenzake walikuwa na mitumbwi mikubwa na majahazi yaliyovuka ziwa kwenda Manyema na kurudi na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Lakini kwenye 1878 hivi Ziwa Tanganyika, lililokuwa likijaa miaka mingi, lilibomoa kizibo cha mchanga na matope kwenye mdomo wa mto Lukuga, upande wa Congo. Maji yakapata pa kutokea. Haikutimia miaka 20, ziwa likawa limeshuka mita kama 10, na ufuko wa Ujiji ukaachwa nyuma.

Hata kabla ya hapo Ujiji ilikuwa na shida ambayo wenyeji waliizoea hadi wakaacha kuiona kuwa ni shida: haikuwa na mahali pa kuegesha. Pwani yake iko wazi, na upepo wa kusini wa kiangazi unapovuma mawimbi hupiga moja kwa moja ufukweni. Mtumbwi huvutwa mchangani, hadithi ikaisha. Meli ya chuma haivutwi mchangani. Wajerumani walipoleta reli kutoka Dar es Salaam walilijua hilo, wakaipita Ujiji na kuishusha reli kilomita chache kaskazini, kwenye ghuba yenye kina na vilima vya kuikinga. Februari 1914 reli ilifika Kigoma. Kijiji cha wavuvi kikawa mji, na mji mkubwa wa biashara ukawa mtaa wa pembeni. Maegesho ndiyo yaliyoamua.

Nimeanza huko kwa sababu historia ya usafiri katika pwani hii husimuliwa kama historia ya safari: nani alivuka, nani aligundua, meli ipi ilikwenda wapi. Mimi naona upande wa pili ndio wenye mambo mengi. Vyombo vikubwa vya Kigoma, vya majini na vya angani, vilipata balaa zao karibu na gati na karibu na kiwanja, vikiwa vimefungwa, vinasubiri, au ndiyo kwanza vinaondoka. Tuanze na kile kikubwa kuliko vyote.

Meli iliyoitwa Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Hapo mafundi waliiunganisha upya, na Februari 5, 1915 ikashushwa majini. Vita ilikuwa imeanza. Kwa muda meli hiyo ndiyo iliyotawala ziwa. Ilibeba askari na, kwa kipindi fulani, mzinga uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji.

Waingereza walijibu kwa mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zilizotoka London kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Katanga, zikavutwa milimani kwa ng'ombe na mashine za mvuke, na kuingia ziwani Desemba 1915. Siku moja baada ya Krismasi ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Februari 9, 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Kisa hicho kimeandikiwa vitabu na Wazungu wanakipenda sana. Mimi sikipendi kiasi hicho, kwa sababu kinaishia pale ambapo habari ya Kigoma inaanza. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, aliyeziongoza mashua zile, hakuthubutu kuishambulia Götzen. Meli ilibaki imefungwa Kigoma, salama ndani ya ghuba iliyochaguliwa kwa usalama wake.

Waliokuja kuifuata pale gatini walikuwa Wabelgiji, nao walikuja kwa ndege.

Uingereza iliwaazima ndege nne za majini zilizoundwa na kampuni ya Short, za mabawa ya ghorofa mbili, zenye maboya chini badala ya magurudumu. Zilipitia Matadi, zikapanda mto Congo, zikahamishwa kutoka chombo hadi treni na kutoka treni hadi chombo, hadi zikafika ng'ambo ya Kigoma. Hapo swali la kwanza halikuwa jinsi ya kuruka, bali ziegeshwe wapi. Ndege ya maji iliyofungwa ufukweni mwa Tanganyika haikai salama: mawimbi huipigisha maboya, mabawa ya mbao na turubai hugonga chochote kilicho jirani, na dhoruba moja ya usiku yatosha kuimaliza. Wabelgiji wakatafuta maji yaliyotulia, wakayapata kwenye ziwa dogo la Tongwe, kando ya ziwa kubwa. Kituo kikajengwa huko, na huko ndiko ndege zilikoanza kuruka kuvuka Tanganyika.

Juni 1916 ndege moja ikiwa na rubani Aimé Behaeghe na msaidizi wake Collignon ilifika juu ya Kigoma na kuangusha mabomu bandarini. Mashambulizi mengine yalifuata. Mabomu ya wakati ule yalikuwa madogo na ulengaji ulikuwa wa kukisia, kwa hiyo Götzen haikuzama. Hata hivyo ndege za kwanza kuingia katika historia ya Kigoma zilikuja kupiga chombo kilichokuwa kimesimama. Behaeghe mwenyewe hakuona mwisho wa vita. Alifariki kwa ugonjwa huko Niemba, Congo, kabla ya 1916 kuisha.

Majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yanateremka kutoka Rwanda na Burundi kuelekea reli. Gustav Zimmer, kamanda wa Wajerumani ziwani, aliona kuwa Kigoma haishikiki. Mizinga ya Götzen ilikuwa imekwisha ondolewa kwenda kusaidia vita vya nchi kavu, na mahali pake, inasemekana, waliweka ya mbao ili kumtisha anayetazama kwa mbali. Julai 26, 1916 mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene na kuizamisha taratibu karibu na ghuba ya Katabe, kwenye kina cha mita kama 20. Kwa maneno mengine, waliiegesha chini ya maji. Siku mbili baadaye Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji.

Sehemu inayofuata husimuliwa kwa haraka, nami naona ndiyo yenye funzo la kiufundi. Wabelgiji waliiinua meli mwaka 1918 na kuikokota hadi bandari ya Kigoma. Wakaifunga. Mwaka 1920 dhoruba ikapiga, na meli iliyonusurika mabomu ya angani na miaka miwili ya kulala chini ya ziwa ikazama palepale bandarini, bila adui yeyote. Waingereza, waliokuwa wamekabidhiwa Tanganyika, waliiinua tena Machi 1924, wakakuta grisi ya wale Wajerumani imefanya kazi yake, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Miaka iliyofuata Liemba ikawa basi la ziwa zima, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Mei 2015 ilipeleka Kigoma maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga, mamia kwa kila safari. Aliyewahi kuipanda anajua kwamba vituo vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, na maboti yakaikimbilia kutoka kijijini: ya abiria, ya dagaa, ya mananasi, ya mbuzi, kila moja likitaka kuwa la kwanza kugusa ubavu wa meli. Yanagongana, yanabanana, mtu anarusha mzigo, mwingine anarusha mtoto. Meli yenyewe haiendi popote, na ndiyo saa ya hatari kuliko safari yote ya usiku kwenye maji ya kina kirefu. Kiwanja cha ndege ndivyo kilivyo, kwa mtu anayetaka kukielewa. Ndege ikishasimama, gari la mafuta linaifuata, gari la mizigo, ngazi, gari la maji, trekta la kusukuma, na watu waliovaa fulana za kung'aa, wote wakikimbizana na saa. Rubani amezima injini na kuona kazi imekwisha. Mgongano mwingi wa ardhini hutokea katika hali hiyo.

Kiwanja cha Kigoma kipo katikati ya mji mpya na mji wa zamani, upande wa Ujiji. Kwa miongo mingi kilikuwa cha changarawe. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi 1946 na kuvunjika 1977, lilizitegemea Dakota kwa miji ya bara. Air Tanzania ilirithi njia hizo ilipoundwa Machi 1977. Kwenye changarawe hakuna mistari ya rangi ya kumwambia rubani asimame wapi. Kuna macho ya mtu aliyesimama mbele akiinua mikono, na kuna mazoea. Ilitosha kwa sababu ndege zilikuwa moja moja. Kiwanja chenye ndege moja hakina ndege ya kuigonga.

Shirika hilo la Afrika Mashariki, hata hivyo, lilipata somo chungu la ardhini mbali na hapa. Aprili 18, 1972 ndege yake aina ya VC10 ilikuwa inaondoka Addis Ababa kuelekea Roma na London. Katikati ya mbio za kuruka tairi ya mbele ilipasuka. Rubani akakatiza safari, lakini breki hazikushika sawasawa kwa sababu sehemu moja ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya kwenye matengenezo. Ndege ikapitiliza mwisho wa njia na kuwaka. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Wachunguzi walipotafuta kilichopasua tairi walikuta kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichodondoka kutoka ndege ndogo ya Cessna. Ndege ndogo na ndege kubwa hazikugusana kabisa. Moja iliacha kitu kidogo chini, nyingine ikapita juu yake.

Aprili 9, 2012, Jumatatu ya Pasaka, zamu ya Kigoma ilifika. Ndege ya Air Tanzania aina ya Dash 8 ya mfululizo wa 300, yenye namba 5H-MWG, ilikuwa inaondoka na abiria 35 na wahudumu wanne. Haikufanikiwa kupaa. Ilitoka kwenye njia yake na kuvunjika kiasi ambacho haikutengenezeka tena. Hakuna aliyekufa. Kwa mji ambao watu wake walikuwa wamezoea treni ya siku mbili, hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Kwa shirika, ambalo wakati ule lilikuwa na ndege za kuhesabika kwa vidole, lilikuwa pigo baya. Miaka miwili tu kabla, Machi 2010, Boeing 737 ya shirika hilohilo ilikuwa imeteleza Mwanza kwenye mvua na kuvunjika gurudumu la mbele, nayo haikurudi kazini.

Miaka hiyohiyo kiwanja cha Kigoma kilikuwa kinawekewa lami kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lami ilikuja, ndege kubwa zaidi zikaja nayo, na kwa mara ya kwanza Kigoma ikawa na maegesho ya kweli, yenye mstari wa njano na alama ya kusimamia gurudumu la mbele. Swali likabadilika pia. Zamani lilikuwa kama ndege itaweza kutua. Sasa ni nafasi ngapi zinabaki ndege mbili zikifika saa moja.

Wanaodhani swali hilo ni la viwanja vikubwa wana haki nusu, kwa sababu mifano mikubwa imetoka huko. Usiku wa Aprili 11, 2011, New York, ndege ya Air France aina ya A380, yenye mabawa ya karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha, ilikuwa inapita kuelekea njia ya kurukia. Ndege ndogo ya Comair ilikuwa inasubiri kuingia kwenye maegesho na mkia wake umebaki nje. Ncha ya bawa la A380 iliushika mkia huo na kuizungusha ndege nzima na abiria wake ndani. Desemba 22, 2013, Johannesburg, Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa ikienda London iliingia njia nyembamba badala ya ile iliyoelekezwa, na bawa lake la kulia likapasua ukuta wa jengo la ofisi. Watu wanne waliojeruhiwa walikuwa wamekaa ndani ya jengo. Januari 5, 2018, Toronto, ndege ya WestJet iliyotoka Cancún na abiria 168 ilikuwa imesimama ikisubiri nafasi yake. Ndege ya Sunwing, isiyo na abiria, ilikuwa inasukumwa na trekta kutoka kwenye lango. Mkia ukagonga bawa, moto ukawaka, abiria wakateremkia milango ya dharura.

Ukivitazama visa hivyo vitatu pamoja, kasi haimo. Vyote vilitokea kwa mwendo wa polepole wa ardhini. Kilichomo ni mambo mawili. Kwanza, rubani wa ndege kubwa haoni ncha za mabawa yake. Anaamini mstari, na mstari unaamini kwamba kila mwingine amesimama pake. Pili, ardhi ya kiwanja ina wenyewe wawili. Njia ya kurukia na njia za kuiendea ziko chini ya mnara wa kuongozea ndege. Maegesho yako chini ya mwendesha kiwanja. Kwetu mnara ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kiwanja ni cha Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Ndege inayosubiri nafasi husimama mpakani, mguu mmoja kwa huyu na mguu mwingine kwa yule. Ajali za New York na Toronto zote zilihusu ndege iliyokuwa inasubiri.

Dawa zake si za ajabu. Mtu wa kutembea kando ya kila bawa ndege inaposukumwa. Magari yasivuke mstari mwekundu kabla injini hazijazimwa na taa ya kuonya haijazimika. Tairi zikingwe mara ndege inaposimama. Asiyehusika asiingie. Na lililo gumu kuliko yote kwetu: ndege isipewe ruhusa ya kuja kama nafasi yake haijawa tupu. Kigoma ina nafuu kubwa katika hilo, kwa sababu ratiba yake bado ni nyepesi na mnara unaona kila kitu. Nafuu hiyo ina mwisho. Kiwanja kiliwekwa kwenye mpango wa upanuzi pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, kwa fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na jengo jipya la abiria huvuta ndege zaidi. Mara nyingi hapa nchini jengo huzinduliwa kwa ngoma na picha, huku eneo la nje, ndege zinakosimama, likiachwa kama lilivyokuwa. Nyumba nzuri yenye ua mdogo.

Hatari ya Kigoma ina sura yake pia. Dar es Salaam, jengo la tatu la kiwanja cha Julius Nyerere lililofunguliwa 2019 lina madaraja ya kumtoa abiria ndani ya ndege hadi ndani ya jengo bila kukanyaga chini. Kigoma abiria anashuka kwa ngazi na kutembea. Dash 8 na ATR, ndizo ndege ambazo mji huu umezizoea, zina mapangaboi, na mapangaboi yanayozunguka hayaonekani vizuri. Abiria anayetoka ziwani, aliyezoea kurukia boti linalotikisika kando ya Liemba, haoni ajabu kukatiza chini ya bawa ili awahi mizigo yake. Mwenye simu hurudi nyuma ili ndege yote iingie kwenye picha. Nimewasikia wafanyakazi wa kiwanja wakipiga mbinja hadi sauti inawakauka, na watu wakicheka.

Wanaopanga maegesho mapya ya Kigoma wana mfano karibu nao kuliko Toronto. Ujiji ilipoteza bandari kwa kukosa kinga, na Götzen ilizama mwaka 1920 ndani ya bandari iliyosifiwa kwa usalama wake. Nafasi za ndege zihesabiwe kwa siku yenye msongamano, siyo kwa siku ya kawaida, na eneo la kusubiri litengwe mbali na njia wanayotembea abiria, kabla ya kuchagua rangi ya paa. Nawe unayeshuka Kigoma, pita kati ya koni, mbele ya ngazi, ukielekea mlangoni, wala usikatize chini ya bawa hata kama injini imenyamaza.